Duka la mtandaoni: namba ya simu, skrinishoti za malipo na picha za watoto. Kipi kiwe wazi, kipi kifichwe?

Salma_Mitindo

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa mpangilio kamili, maana ushauri wa "kuwa makini mtandaoni" hauonyeshi mtu abonyeze wapi.

Hali yenyewe: duka la nguo na mikoba, halina fremu, lipo Instagram (akaunti ya biashara), stetasi ya WhatsApp na Facebook kidogo. Namba ya simu ni moja tu: ya wateja, ya ndugu, ya benki, ya pesa za simu na ya makundi yote, likiwemo la wazazi wa shule. Kila wiki zinapostiwa skrinishoti za malipo ili wateja wapya waone kwamba duka si la kitapeli, pamoja na picha za mizigo ya mikoani.

1. Namba ikiwa hadharani, mtu mbaya anaifanyia nini hasa?
2. Laini ya pili inasaidia au ni mzigo tu?
3. Skrinishoti za malipo zina njia salama?
4. Duka na familia vitenganishweje wakati wateja wote wamo kwenye simu hiyohiyo?

---

Fundi_Kitasa

Dada Salma, naanza na la kwanza kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo.

Namba peke yake haifungui kitu. Kazi yake ni ya uzi, inashona vipande vilivyotawanyika. Fuata hatua za mtu anayekutafuta, hakuna hata moja inayohitaji utundu wa kompyuta:

Anaanza kama anayetaka kukutumia pesa kwa simu, anaweka namba yako na kiasi kidogo. Kabla ya kuthibitisha, jina lako kamili la usajili linatokea. Anaghairi. Hajatumia hata senti, na amepata majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Anaihifadhi namba, anafungua WhatsApp. Kama picha yako inaonekana na kila mtu, anakuona sura, na mara nyingi anaona sura ya mtoto.

Anaitafuta Truecaller, ile programu ya kuonyesha jina la anayepiga. Kule jina mara nyingi linatokana na jinsi watu wengine walivyokuhifadhi kwenye simu zao. Ukikuta "Salma Mikoba Sinza", kazi na mtaa vimeshajulikana.

Mwisho anairuhusu Facebook au TikTok isome orodha ya majina kwenye simu yake, nayo inampendekezea akaunti yako. Facebook ndiko waliko shangazi, binamu, mwaka wa kuzaliwa na shule uliyosoma. Msidhani haya ni ya kinadharia: zile taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook zilizosambazwa Aprili 2021 zilivunwa kwa mlango huu huu wa kupakia namba za simu na kungoja mfumo uzilinganishe na akaunti.

Sasa tofautisha. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unarushwa kwa maelfu bila kujua nani ni nani, na wengi wanaufuta. Lakini anayejua jina lako kamili, jina la mtoto na shule yake haandiki hivyo. Anapiga simu saa nne asubuhi, anajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu, anasema mtoto ameanguka na hospitali wanadai hela ya kuanzia. Hapo ndipo vipande vinapogeuka pesa.

Laini ya pili: ndiyo, inasaidia, ila wengi wanaigeuza kichwa chini. Wanaifanya laini mpya kuwa ya biashara na kubaki na ya zamani kwa benki na ndugu. Ya zamani imeshasambaa, iko kwenye simu za watu mia tano na kwenye kila posti tangu duka lianze. Hiyo ndiyo iachiwe duka. Mpya ndiyo ya benki, barua pepe, ndugu na shule, na isiandikwe mahali popote pa wazi.

Namna ya kuhama, kwa mpangilio huu:

Sajili laini mpya kwa alama za vidole zako mwenyewe, si za mdogo wako. Kisha piga *106# ufuate maelekezo uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe.

Nenda benki na kitambulisho, badilisha namba inayopokea taarifa. Halafu barua pepe, kisha namba ya kurejeshea akaunti za Instagram na Facebook. Instagram ina namba mbili tofauti, watu wanazichanganya: ile ya kuingilia kwenye akaunti, ambayo haionekani, na ile inayoonekana kwenye kitufe cha mawasiliano cha wasifu wa biashara. Ya kwanza iwe mpya, ya pili ibaki ya duka.

WhatsApp: usitumie ile huduma ya kubadilisha namba iliyo ndani ya programu. Hiyo inahamisha akaunti nzima kwenda namba mpya na inaweza kuwaarifu watu wako, yaani inakutangazia siri. Iache WhatsApp ya zamani ihamie kwenye WhatsApp Business kwa namba ileile ya zamani. Programu itauliza na mazungumzo yatahama. Namba moja haikai kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja. Kisha fungua WhatsApp ya kawaida kwa laini mpya. Makundi ya ndugu na shule yatakuwa yamefuata namba ya duka, kwa hiyo utajitoa na kuomba kuongezwa upya. Inachosha, lakini ni siku moja.

Malipo: chukua lipa namba (namba ya wafanyabiashara ya kupokelea pesa za simu) iliyosajiliwa kwa jina la duka. Mteja analipa bila kuona namba yako ya simu wala majina yako matatu.

Na laini zote mbili zitumike. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. WhatsApp nayo hufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa siku 120.

Kiungo cha wa.me mnachoweka kwenye wasifu kimebeba namba nzima ndani yake, kimsingi ni kuiandika kwa namna nyingine. Kwa namba ya duka haina shida.

---

Mpanga_Mizigo

Mkuu Fundi kamaliza la namba. Mimi niingie kwenye skrinishoti na mizigo, maana hapo Salma anafichua wateja wake kuliko anavyojifichua yeye.

Angalia ujumbe mmoja wa malipo una nini: namba ya muamala, kiasi, jina la mteja, namba yake ya simu, tarehe na saa, na kwenye mstari wa mwisho salio lako jipya. Vitu saba kwenye picha moja. Mwenye duka anataka kuonyesha kitu kimoja tu, kwamba watu wanalipa.

Tapeli anachofanya nacho ni rahisi. Anampigia mteja: "Dada, ni sisi wa duka la mikoba, muamala wako unaoishia na herufi fulani wa jana saa nane umekwama, tuma tena tukurudishie ule wa kwanza." Mteja akilinganisha anakuta kila kitu ni kweli. Atakataaje?

Na kufunika kwa kalamu ya kuchorea kwenye simu hakutoshi. Ile kalamu pana inayofanana na ya kukolezea maandishi haizibi, inatia kivuli. Ukiongeza mwangaza wa picha maandishi yanarudi, jaribu mwenyewe kwenye picha yako ya wiki iliyopita. Fanya hivi:

Weka umbo la mstatili lililojaa rangi juu ya sehemu ya kuficha, au kata kabisa sehemu hiyo. Ukimaliza, piga skrinishoti ya hiyo picha uliyorekebisha na upost hiyo ya pili. Sababu: programu nyingine huhifadhi picha ya awali chini ya marekebisho. Simu za Google Pixel zilikutwa na kasoro ya namna hii Machi 2023, picha iliyokatwa ilikuwa bado imebeba mabaki ya sehemu iliyokatwa na watu wakaweza kuyarudisha. Kasoro ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambazwa zilibaki zilivyo.

Kiwango cha kuficha: jina lote, namba yote ya simu, namba yote ya muamala, salio. Watu wanaacha tarakimu tatu za mwisho za simu na jina la kwanza wakidhani wameficha. Mteja wako yuko kwenye orodha ya wanaokufuata, jina la kwanza linatosha kumpata.

Kwa maoni yangu acheni kabisa skrinishoti za malipo. Hazithibitishi kitu, kuna watu wanatengeneza za uongo kwa dakika mbili, na wateja wameshajua. Kinachojenga imani zaidi ni namba ya usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ikiandikwa kwenye wasifu (namba tu na jina, si picha ya nyaraka zako), na mteja mwenyewe kupost mzigo wake na kutaja duka.

Mizigo ya mikoani ndiyo balaa zaidi. Boksi limeandikwa kwa maka peni: jina, namba ya simu, "Mwanza, ofisi ya Nyegezi". Unapiga picha, unaandika "mzigo wa dada yetu unaondoka usiku huu". Kesho asubuhi yeyote mwenye kitambulisho cha kubumba na maneno mengi anaweza kutangulia ofisini kuuchukua. Geuza boksi, upande usio na maandishi uangalie kamera. Au piga picha kabla ya kuandika.

La pembeni kidogo: zile posti za "kimeokotwa kitambulisho, mwenyewe atafutwe" zikiwa na picha nzima ya kadi ya NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyeokota kafanya wema, na hapohapo kampa kila mtu jina, sura, saini na tarehe ya kuzaliwa ya mwenzake. Andika jina tu na kituo ulikokiacha.

---

Kibarua_wa_Sheria254

Salamu kutoka Nairobi. Naongeza upande wa sheria kwa ufupi, maana wenye maduka hudhani sheria ya data ni ya benki na kampuni za simu pekee.

Huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini tatu kwa mpigo. Roma School ya Uthiru, shilingi 4,550,000, kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge, shilingi 1,850,000, kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kustarehe bila idhini yake. Ya tatu ilikuwa kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, shilingi 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu waliopatikana kwa wengine na kuwasumbua kwa jumbe za vitisho.

Tazameni hiyo ya pili. Picha ya mteja kwenye ukurasa wa biashara, basi. Hakukuwa na wizi wala udukuzi. Ndicho mwenye saluni, mwenye mkahawa na mwenye duka la nguo hufanya kila Ijumaa.

Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Anayekusanya taarifa za watu kwa ajili ya biashara ana wajibu, na kujisajili ni sehemu yake. Kwa hiyo hilo daftari la wateja, majina na namba na mahali pa kupeleka mzigo, kisheria si lako la kuchezea.

Kwa vitendo: omba idhini kwa maandishi kabla ya kuposti, hata ujumbe mfupi wa WhatsApp unatosha kama ushahidi. "Tunaomba kuweka picha yako ukiwa na mkoba huu kwenye Instagram ya duka. Ukitaka itolewe, tuambie na itatolewa siku hiyo hiyo." Akinyamaza, hiyo si idhini. Jibu lake lihifadhi.

---

Simu_Mbili

Naona mnamjaza dada Salma mambo ya boksi na kalamu, na hakuna aliyegusa kinachoua biashara hizi kweli: kuibiwa WhatsApp yenyewe. Picha ikivuja utaaibika, lakini WhatsApp ya duka ikichukuliwa mwizi anapokea oda kwa jina lako siku nzima.

Inaibwa kwa njia tatu, na mbili za kwanza zinaanzia kwenye namba iliyo wazi.

Ya kwanza, zile tarakimu sita. Anaandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inakutumia wewe tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, halafu anakuandikia akiwa ndani ya akaunti ya rafiki yako aliyekwisha kuibiwa: "samahani nimetuma namba fulani kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Ukisoma, umetoka. Kama hukuweka PIN ya hatua mbili, yeye anaiweka yake, na wewe unaweza kusubiri hadi siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila hiyo PIN.

Dawa: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejeshea. Isiwe tarehe ya kuzaliwa (mmeona NIDA inavyoisema), isiwe PIN ya pesa za simu. Na usiruke barua pepe. Wengi wanairuka, wanasahau PIN, wanajifungia wenyewe nje.

Ya pili, kuelekeza simu. Anakupigia kama mtu wa huduma kwa wateja, anakwambia mtandao unaboreshwa, bonyeza **21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli (#). Umeelekeza simu zako zote kwake. Kisha anaomba WhatsApp ipige simu badala ya kutuma ujumbe, na tarakimu zinasomwa sikioni kwake. Kuangalia kama simu yako imeelekezwa: *#21#. Kufuta uelekezaji wote: ##002#. Fanya sasa hivi hata kama hujapigiwa na mtu.

Ya tatu, kifaa kilichounganishwa. Mtu ameshika simu yako dakika moja, au amekutumia msimbo wa herufi na tarakimu nane akasema uuingize kwenye WhatsApp upokee zawadi. Hapa hutolewi kwenye akaunti, kwa hiyo ni rahisi usijue, anasoma kimya kimya. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ona orodha, ondoa usichokijua. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kila baada ya simu kutoka kwa fundi.

Truecaller kama inakukera: kwanza funga akaunti yako ndani ya programu kama unayo, kisha nenda truecaller.com/unlisting uandike namba kwa mtindo wa +255. Wao wanasema saa 24. Kwa namba ya duka sioni haja, hata inasaidia mteja akiona jina la duka. Itolewe ile mpya tu.

---

Fundi_Kitasa

@Simu_Mbili nakubali, hatua mbili ndiyo ingetangulia. Naongeza moja: PIN hiyo iwekwe kwenye zote mbili, ya duka na ya nyumbani. Watu huweka moja.

---

Bi_Mkubwa_Unguja

Assalaam alaykum. Mwanangu Salma, swali lako la nne wamelipita pita, nami ndilo naliona kubwa.

Stetasi ya WhatsApp inaonekana na mtu ikiwa wewe umemhifadhi na yeye amekuhifadhi. Kila mteja unayemhifadhi ili usisahau jina lake, umemfungulia mlango wa sebuleni. Ndiyo maana laini mbili zina maana: za wateja zihifadhiwe upande wa duka, na stetasi ya familia iwekwe upande wa pili. Lakini angalia, orodha ya majina kwenye simu ni moja na programu zote mbili zinaisoma, kwa hiyo mteja aliyeipata namba yako mpya kwa njia yoyote anaona. Basi kwenye faragha ya stetasi ya nyumbani chagua wa kuwashirikisha mmoja mmoja, usiache ile ya "wote niliowahifadhi". Itakuchukua robo saa kuwachagua, kisha inabaki hivyo.

Picha ya wasifu kwenye laini ya nyumbani: waione uliowahifadhi tu. Kuongezwa kwenye makundi: vivyo hivyo. Ukiacha "kila mtu", mtu asiyekujua anakutia kwenye kundi la watu mia mbili na wote wanaiona namba uliyoificha kwa shida.

Watoto. Picha ya siku ya kufungua shule ina mambo ambayo mama hayaoni kwa furaha. Nembo ya sare ndiyo shule. Gari la shule nyuma lina namba na njia linayopita. Kibao cha namba ya nyumba, vile vilivyobandikwa na zoezi la anwani za makazi, kinasema mtaa na nyumba. Na maneno "miaka sita leo" pamoja na tarehe ya posti ni tarehe kamili ya kuzaliwa. Piga picha ukutani, mkato uwe kifuani kwenda juu, sare isionekane nembo. Jina la mtoto si lazima, "kijana wetu" inatosha. Na picha ya matembezini ipandishwe mkisharudi nyumbani.

Matokeo ya mtihani nayo. Watu wanaposti namba ya mtihani ya mtoto wakiomba dua. Mwenye namba hiyo anafungua tovuti ya NECTA na kuona kila somo, siku ya matokeo na miaka ijayo.

Kundi la wazazi: muombe kiongozi wa kundi awashe ile ya kuidhinisha kila anayetaka kuingia, na kiungo cha kujiunga kisiwekwe pahala wazi. Kilichokwisha kusambaa kinafutwa kwa kukiweka upya, cha zamani kinakufa.

Shangazi walio Muscat na Uingereza wanataka picha, wana haki. Watumiwe moja kwa moja.

---

Mpanga_Mizigo

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwenye hiyo ya kutuma moja kwa moja kuna mtego mdogo. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa zinaondolewa. Ikitumwa kama nyaraka, ambavyo wengi hufanya ili ubora usipungue, inakwenda na kila kitu, ikiwemo mahali ilipopigwa. Telegram nayo ukituma kama faili ni hivyohivyo. Facebook na Instagram haziwaonyeshi watazamaji taarifa hizo, ila zenyewe zinazipokea. Dawa ni kwenye chanzo: fungua kamera, mipangilio, zima kuhifadhi mahali. Zima pia ruhusa ya mahali kwa programu ya kamera kwenye mipangilio ya simu.

Kwa mwenye duka bila fremu hii ina uzito, maana picha za bidhaa zinapigwa chumbani.

---

Salma_Mitindo

Nimewapata wote, shukrani, na Bi Mkubwa shikamoo. Yamebaki matatu. Wateja wa kawaida wako kwenye kundi la WhatsApp la ofa, watu 180, na wanaonana namba. Lipelekwe wapi? La pili, Facebook ya zamani yenye posti za miaka kumi, ifutwe? La tatu, kuna programu za mikopo ya haraka kwenye simu, zinahusiana na haya?

---

Simu_Mbili

Naanza na la tatu maana ndilo la moto. Ndiyo. Programu ya mkopo iliyopewa ruhusa ya kusoma orodha ya majina imeshabeba wateja wako wote, na ukichelewa kulipa wanapigiwa wao. Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye Play kusoma majina na picha kuanzia 31 Mei 2023, ndiyo maana nyingine sasa zinatumwa kwa kiungo cha WhatsApp, upakue nje ya Play. Hizo ndizo za kuogopa. Ingia mipangilio ya simu, kisha ruhusa, kisha majina na namba, uone programu zipi zimo. Tochi, kikokotoo na mikopo, zote toa. Kuiondoa programu hakurudishi kilichokwisha kupakiwa, lakini kunazuia wateja wa kesho.

Facebook usiifute kwa pupa, kuna watu wanakupata kupitia huko. Kuna amri moja kwenye mipangilio ya posti inayobana zote za zamani zilizokuwa wazi zikawa za marafiki pekee, mara moja. Inabonyezwa ukijua kwamba hairudishwi kwa kitufe kimoja. Utabadilisha posti moja moja. Kisha orodha ya marafiki iwe "mimi tu". Hii wanaidharau, na ndiyo inayovunja mchezo wa akaunti bandia: mtu ananakili picha na jina lako, halafu anahitaji orodha ya watu wa kuomba hela. Asipoiona orodha hana pa kuanzia. Mwisho, anayeweza kukutafuta kwa namba ya simu na kwa barua pepe awe "mimi tu" kama chaguo lipo, na ufute majina uliyowahi kupakia.

---

Fundi_Kitasa

Kundi la ofa: una njia mbili. Orodha ya matangazo ndani ya WhatsApp, hadi watu 256 kwa orodha, kila mmoja anapokea kama ujumbe wake peke yake na hawaonani. Kasoro ni kwamba inamfikia tu aliyekuhifadhi, na ndiyo sababu watu hulalamika haifanyi kazi. Njia ya pili ni chaneli: wafuasi hawaoni namba za wenzao wala ya kwako, na haina ukomo huo wa 256. Kasoro yake ni kwamba mteja hajibu hapohapo, kwa hiyo kila ofa iwe na kiungo cha kuja inboksi ya duka.

Tangaza chaneli kwenye kundi kwa wiki moja, kisha funga kundi liwe la kiongozi kuandika tu, wiki ya pili watoe watu, ndipo utoke. Ukitoka wewe kwanza bila kuwatoa, kundi linabaki hai na WhatsApp inamteua mwingine kuwa kiongozi. Watu 180 wenye nia ya kununua mikoba, na mgeni ndiye mwenye funguo.

---

Salma_Mitindo

Hilo la mwisho silo nililolitarajia. Na ujumbe wa tapeli ukija tayari kwenye laini ya duka?

---

Mpanga_Mizigo

Usambaze kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma, hiyo ni kwa Tanzania. Wa Safaricom huko Kenya wanasambaza kwenda 333. Kama hela imeshatoka, piga mtandao wako kwanza, dakika hizo hizo, kabla haijatolewa kwa wakala. Polisi na RB (namba ya taarifa unayopewa kituoni) vinafuata baadaye ukiwa na namba ya muamala mkononi, na hiyo usiiposti popote.